Godoro Chini ya Daraja

2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Usishtuke kuona bahasha, hakuna aliyekufa. Ni mimi, nimeamua kukuandikia kwa kalamu kama watu wa enzi zako, kwa sababu simu ya kazini inasomwa na barua pepe inasomwa. Juzi tumesainishwa karatasi nyingine: tusizungumzie kazi na "mtu yeyote aliyewahi kuhusika na mfululizo huu". Tuko watu thelathini na nane, na wote tulijua mtu huyo ni nani. Fundi Sauti alinitazama, akajikohoza.

Habari yenyewe ni hii. Wachapishaji wetu wamebadilisha wakubwa tena, na hawa wapya hawajawahi kucheza Daraja Bovu hata dakika moja. Mmoja aliuliza kama ni gemu la kufundishia ujenzi. Tarehe 21 wanakuja kuiona sehemu ya nne ilipofikia, kisha wataamua: tuimalizie, au waifungie kabatini. Wakiifungia, jina ni lao, kwa hiyo hakuna mwingine atakayeruhusiwa kuigusa. Hata wewe uliyeizaa.

Naogopa, nisikudanganye. Miaka minne nimekaa kwenye kiti kile kile karibu na dirisha lisilofunga, Mkuu wa Wakaguzi, yaani mtu anayelipwa kuanguka darajani mara mia mbili kwa siku na kuandika ameangukaje. Ikifungwa hii sijui nitakuwa nani.

Usinipigie simu kuhusu hili. Niandikie. Na magoti yako vipi?

Mpwa wako,
Kidole

*

7 Machi

Kidole,

Marahaba, mwanangu. Magoti yapo, yanalalamika kama kawaida yake. Nakaa bado juu ya duka la mshona viatu, nafundisha makarani kuchapa kwa vidole kumi, na Mwenyekiti wa mashabiki bado ananijia kila Ijumaa na mfuko wake wa barua. Watu elfu ngapi sijui wanamwandikia: sehemu ya nne lini? Namwambia aniache, mimi ni mstaafu. Haondoki mpaka anywe chai yote.

Gemu la ujenzi! Nimecheka mpaka mshona viatu akagonga dari na ufagio.

Sasa acha utani, nina swali moja tu, unijibu bila kuzunguka. Wanakufa?

Unajua kwa nini nauliza. Walinitoa pale kwa neno hilo hilo. Nilikaa nao mezani saa tatu wakinibembeleza anayeanguka darajani awe anarudi, eti wachezaji wanaumia, wakiumia wanaacha. Nikawaambia waache basi. Gemu lote ni hilo. Una watu kumi na wawili wa kuvusha, ukimwangusha mmoja umemwangusha, hata uzime na kuwasha mara ngapi hutamwona tena. Ndiyo maana mtu mzima anashika kidude cha kuchezea huku mikono inamtetemeka. Ukimrudisha aliyeanguka, unabaki na mbao na kamba.

Godoro, ile swichi ya siri ya kumrudisha anayeanguka, nilimtandikia mtu mmoja tu duniani. Alikuwa na miaka minane, alimlilia yule muuza chumvi aliyeanguka darajani mpaka mama yake akatishia kunifukuza nyumbani kwake. Kwamba baadaye mkaligeuza kuwa kifaa cha wakaguzi, mweze kuanguka na kurudi mkiwa kazini, sawa, nililikubali. Niliweka hata kipicha cha godoro kwenye kona ya skrini ili asije mtu akasahau kulitoa. Lakini godoro ni la jikoni. Halipelekwi sebuleni kwa wageni.

Kwa hiyo: wanakufa?

Mjomba

*

12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sikuambii.

Najua umeshakunja uso. Kunja tu. Miaka sita umeninyima siri ya kile chumba cha mwisho cha sehemu ya pili, ukanifanya nikitafute mwenyewe huku unakunywa chai na kunicheka. Leo ni zamu yangu. Nitahakikisha unapata nakala, hata kwa kupitia mlango wa nyuma, uicheze mwenyewe uone. Sitaki kukuharibia uhondo. Jua hili tu: kuna mtu alipigana humu ndani mwaka mzima, kwenye vikao vinane, hadi akaitwa mkaidi kwa maandishi. Na ukaidi huo ameurithi upande wa mama.

Huku ni heka heka. Mkurugenzi wetu anatembea na orodha mkononi tangu asubuhi, amepungua mpaka saa inamcheza mkononi. Fundi Sauti anarudia sauti ya ubao unaokatika, hii ni mara ya arobaini, anavunja fremu za picha chooni kwa sababu huko ndiko kunakolia vizuri. Mtu wa picha naye ametulazimisha tuondoe kila alama kwenye skrini, namba, mishale, vipicha vyote, eti wageni waone daraja na ukungu basi. Nimemkubalia nipumue.

Siku ya onyesho nitacheza mimi mwenyewe mbele yao. Mkurugenzi alitaka msemaji wa kampuni, nikamwambia huyo atawaangusha watu wote kumi na wawili kabla ya ubao wa tatu.

Uniombee.

Kidole

*

23 Machi

Mjomba,

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo tena!

Wameipenda! Sijui niseme nini. Wamekuja saba, wamekaa viti vya mbele na makoti yao magotini. Nimevusha watu wote kumi na wawili bila kumwangusha hata mmoja, na upepo ule wa mwisho mkali sana. Nilipomfikisha yule mama mwenye kinanda upande wa pili, mkubwa wao mwanamke alipiga makofi peke yake, kisha akaona haya, kisha wote wakapiga.

Wakaondoka na nakala ile ile niliyoichezea, wakaicheze wenyewe kwa siku mbili. Leo Mkurugenzi ameitwa, amerudi anacheka, jambo ambalo sijaliona tangu mwaka jana. Wanakaribia kukubali. Kilichobaki ni wewe.

Ndiyo, wewe! Wanasema mashabiki hawawaamini wao, wanakuamini wewe. Wanataka mwasisi acheze, kisha aseme maneno mawili ya heri hadharani, na siku hiyo hiyo wasaini. Watakutumia nakala kwa mjumbe. Kwa hiyo ile njia yangu ya mlango wa nyuma haihitajiki tena, unaingia kwa mlango wa mbele na zulia.

Nimelia kidogo kwenye ngazi. Nimefurahi, Mjomba. Cheza taratibu.

Kidole

*

2 Aprili

Kidole,

Nimepokea. Nimecheza siku mbili.

Sina la kusema kwa sasa. Msalimie mama yako.

Mjomba

*

6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nilijua! Umeishiwa maneno. Wewe uliyemhutubia kondakta kituo hadi kituo, leo unaniandikia mistari mitatu! Nimemsomea Fundi Sauti barua yako, pale jikoni ofisini, akasema, "Mzee amelia huyu, anaona aibu kukuambia."

Haya, niambie sasa. Sina tena cha kukuficha, umeshaona kwa macho yako. Wanakufa, Mjomba! Nilipigana kwenye vikao vyote vile kwa ajili ya hilo. Nilikaa kama wewe ulivyokaa, wakanibembeleza kama walivyokubembeleza, nikawaambia maneno yako neno kwa neno bila kusema ni ya nani. Mkurugenzi mwisho akasema, "Basi wafe, tupumzike." Nilitamani kukupigia siku ile ile. Nikajizuia, nikitaka uone mwenyewe, na mikono ikutetemeke kama unavyosema.

Umempoteza nani? Lazima kuna uliyempoteza, hakuna anayevuka na wote mara ya kwanza. Mimi nilimpoteza yule mama mwenye kinanda, nikaenda kusimama nje dakika kumi. Niambie ni nani.

Na uwaandikie wakubwa yale maneno mawili. Wanasubiri, na Mkurugenzi ananiuliza kila asubuhi kwa macho.

Kidole

*

10 Aprili

Kidole mwanangu,

Barua yako imefika asubuhi hii. Laiti ingefika juzi.

Sikumpoteza mtu. Kwenye ubao wa tano alianguka yule mwenye kinanda. Nikaweka chini kile kidude, nikaenda dirishani. Niliporudi alikuwa amesimama pale pale juu ya ubao, anajipangusa vumbi. Nikadhani nimeona vibaya. Nikamwangusha tena kwa makusudi, akarudi. Nikawatupa wote mmoja baada ya mwingine, kumi na wawili, wazee kwa watoto, wote wakarudi wanajipangusa vumbi.

Jambo la kwanza nililofanya ni kutazama kona ya skrini. Naapa. Nilitafuta kile kipicha cha godoro, hakikuwepo. Nikasema basi, hii siyo nakala ya wakaguzi, hili ndilo gemu lenyewe. Wameshinda. Na nikakumbuka ulivyokataa kunijibu, nikaona ulikataa kwa aibu. Nikakukasirikia, Kidole. Nilikukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu.

Leo nasoma "wanakufa, Mjomba", na nimechukua barua yako ya tarehe 12 kutoka kwenye droo. Umeandika humo waziwazi kwamba mtu wa picha ameondoa vipicha vyote. Niliisoma mara mbili wakati ule. Macho yalipita tu.

Lilikuwa limetandikwa, siyo? Godoro. Ulikuwa nalo siku ya onyesho na hukujua, kwa sababu siku hiyo hukumwangusha mtu.

Sasa sikia nilichofanya. Tarehe 3 niliwajibu wakubwa kwamba siwapi neno hata moja la heri. Hilo peke yake lingetibika. Lakini Ijumaa ilipofika Mwenyekiti alikuja na mfuko wake, akauliza, nikamwandikia ukurasa mzima aupeleke kwa mashabiki wote. Niliandika kwamba katika sehemu ya nne hakuna anayekufa. Kwamba walioitengeneza wameuza kitu ambacho hakikuwa chao. Kwamba yeyote aliyewahi kumlilia mtu wa Daraja Bovu asiinunue. Nilitia saini yangu. Umetoka jana asubuhi.

Nimekupigia mara sita. Hupokei. Nimempigia Mwenyekiti, nimemwambia nilikosea, aandike upya. Ameandika saa hiyo hiyo. Unajua wamejibu nini? Wamesema nimenunuliwa. Mmoja ameandika, "Jana mzee alisema ukweli, leo wamemfunga mdomo." Kadiri ninavyosema nilikosea ndivyo wanavyozidi kuamini sikukosea.

Pokea simu, tafadhali.

Mjomba

*

15 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sikupokea kwa sababu nilikuwa na hasira, na ningekuambia maneno ambayo hayafutiki. Leo naweza kuandika.

Ndiyo, lilikuwa limetandikwa. Asubuhi ya tarehe 21 nilikuwa nakagua ule upande wa mbali wa daraja, ambako usipokuwa na godoro huwezi kukagua kitu. Nikaitwa, wageni wamefika mapema. Nikatazama kona kama tunavyotazama sote, kona tupu, nikanakili nakala, nikaingia ukumbini. Kona ilikuwa tupu kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyesema ndiyo kwa mtu wa picha. Wakubwa waliipenda kwa sababu kila walipoanguka walirudi. Hawakujua kama kuna gemu jingine.

Nikikaa na kufikiri naona hata bila wewe ingeharibika. Wangesaini, kisha wangegundua. Lakini ingekuwa imesainiwa, Mjomba. Tungekuwa na pa kusimamia.

Walituita ukumbini Jumatatu. Mkubwa yule mwanamke aliyepiga makofi peke yake ndiye aliyesoma. Alisoma ukurasa wako wote kwa sauti, polepole, akakunja karatasi, akasema, "Kama mwasisi mwenyewe anasema hivi, sisi ni nani?" Sehemu ya nne imefutwa. Jina linaingia kabatini. Tumepewa hadi mwisho wa mwezi kurudisha kompyuta na funguo. Thelathini na nane. Fundi Sauti mke wake anajifungua mwezi ujao.

Nilikuwa mstari wa pili. Nilitaka kusimama niseme ni godoro, ni mimi, liondolewe, chezeni tena. Sikusimama. Nikasubiri watoke nimwambie Mkurugenzi faraghani. Akatoka wa kwanza, akaingia kwenye gari lao.

Halafu pale jikoni watu wakaanza. Nisikufiche. Walikutukana, Mjomba. Walikuita mzee mwenye kijicho, aliyeona akikosa yeye wakose wote. Yule msichana anayechora nyuso, aliyekuwa na picha yako juu ya meza yake, aliibandua akaitupa kwenye ndoo ya mabaki ya chai. Fundi Sauti akaniuliza, "Alijuaje kuwa hawafi? Wanakufa! Kwa nini adanganye?" Wote wakanigeukia.

Nikasema sijui.

Nimesema sijui siku nne mfululizo. Wananihurumia hata, kwa kuwa na mjomba wa namna hiyo. Jana mmoja ameniletea keki. Nimeila.

Sijui nikuombe msamaha au nikudai wa kwako. Nimechoka.

Kidole

*

19 Aprili

Kidole,

Marahaba. Nisikilize vizuri, na safari hii unitii japo hujawahi.

Usiwaambie.

Najua ulivyo, utakaa na jambo hili wiki mbili kisha utasimama katikati ya ukumbi ulimwage gunia lote. Litasaidia nini? Gemu halirudi. Nimewaandikia wakubwa barua tatu, ya tatu imerudi haijafunguliwa. Hao watu wako wote kesho wanaanza kutafuta kazi, na wewe pia. Kwenye kazi yenu hii kila mtu anamjua kila mtu. Mkuu wa wakaguzi aliyesahau kukagua, nani atamchukua? Watakucheka mpaka nywele zikuote mvi. Mimi nina miaka sitini na sita. Makarani wangu hawajui hata gemu ni nini.

Wanataka kujua nilijuaje kuwa hawafi na kwa nini nilidanganya. Swali zuri, lazima lijibiwe, la sivyo siku moja mwerevu mmoja atakaa akalifikiria na kulifikia godoro. Kwa hiyo nimelijibu. Mwenyekiti atautoa ukurasa wangu wa pili kesho. Nimeandika kwamba nilijua wanakufa. Kwamba nilicheza nakala nzuri kabisa, nikaona wameifanya vizuri kuliko mimi, na roho ikaniuma, nikasema uongo ili wasifanikiwe bila mimi.

Mwenyekiti alikataa kuupokea. Alilia hapa kwenye kiti changu, mtu mzima, mfuko wa barua magotini. Akaniambia, "Mzee, hili si kweli, mimi nakujua." Nikamwambia hunijui. Akauchukua. Nadhani Ijumaa hii hatakuja.

Jambo moja katika ukurasa ule ni kweli, nalo nilitaka ulisome kwangu mimi kabla ya huko. Mmeifanya vizuri kuliko mimi. Niliona hata pamoja na godoro. Ule upepo wa mwisho nisingeuweza.

Usijibu haraka. Usije huku. Barua zangu zichome.

Mjomba

*

3 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Nimeusoma ukurasa wa pili. Niliusoma nimesimama kwenye foleni ya kurudisha funguo. Wa mbele yangu alikuwa anausoma pia, alitema mate kwenye sakafu yetu. Nikasogea na foleni.

Nilikutii. Nataka ulijue hilo, sikumwambia mtu. Mwanzoni nilijidanganya kwamba ni kwa ajili ya kukutii.

Fundi Sauti amepata mtoto wa kike. Amepata na kibarua redioni. Yule mchora nyuso bado yuko nyumbani. Mkurugenzi hapokei simu za mtu. Vyumba vyetu vimekodishwa kwa watu wa bima, nilipita wiki jana, wamefanikiwa kulifunga lile dirisha.

Mama anasema hutoki nje, na kwamba mtu ameandika maneno kwa rangi kwenye ngazi yako, mshona viatu akayafuta. Anasema umeacha kufundisha makarani. Ananiuliza kila siku kwa nini sikutetei, mbona ulinilea mabegani mwako, nimekuwa mtu wa namna gani. Namwambia aniache.

Nami nimepata kazi. Ni kampuni kubwa, wana wakaguzi sitini, nimepewa meza yangu na wasaidizi wanne. Kwenye usaili waliyapenda majibu yangu yote. Mwishoni, walipokuwa wanafunga mafaili, mmoja wao akacheka akasema, "Umetokea Daraja Bovu, pole sana. Yule mzee mlimlaanije? Hivi wewe uliwahi kumfahamu?"

Nilikuwa na nafasi, Mjomba. Mlango ulikuwa umefungwa, walikuwa watatu tu, na walikuwa wameshanipa kazi.

Nikawaambia simfahamu. Nikasema nilikuwa namsikia tu, kama wengine.

Mpwa wako